Sebule ya Babu Hamdun

Nilitaka chumba kinukie mwaka wa sabini na tisa.
Fleti yetu ni mpya, ghorofa ya nne, Mabela,
kuta nyeupe kama daftari la siku ya kwanza chuoni,
na cha kuigia nilikuwa na picha moja tu:
Babu, mtaa wa Ruwi, ndani ya duka lake la kutengeneza redio,
fulana imemlegea, bisibisi sikioni kama kalamu ya karani,
na nyuma yake ukuta wa kijani,
kijani kile cha hospitali.

Nikaanza na kijani.
Mpaka rangi, kijana wa Kimalabari, aliniuliza mara tatu,
"Una hakika, bibi?"
Nikamwambia, hapo karibu na swichi pachafue kidogo,
hapo mikono ya watu hupita.
Akanitazama kama niliyemwomba amwage chai makusudi.
Hakupachafua.

Kisha Matrah, jioni tatu mfululizo, miguu imevimba.
Feni ya meza, mabawa ya shaba.
Kalenda ya benki ambayo benki yenyewe imeshakufa.
Viti viwili vya kamba za plastiki, njano na buluu.
Redio ya mbao, bubu.
Na kandili: muuzaji aliapa kwa macho yake mawili
kwamba ni la miaka mia.
Chini ya kitako palikuwa na stika iliyobanduka nusu.
Nikaimalizia kwa ukucha. Sikuisoma.

Mume wangu Yaarub hakusema neno.
Alilisukuma kochi lake la umeme, lile la kukanda mgongo,
mpaka chumba cha wageni, akalifunika shuka
kama maiti ya jirani.

Jumamosi tukamleta Babu.
Miaka themanini na minne, bakora, manukato ya udi,
kofia aliyoishona bibi mwaka aliofariki.
Akasimama mlangoni. Nikasubiri machozi yake.
"Vipi," akasema, "umeme umekatika?"

Akazunguka polepole.
Akaigonga feni kwa pete: "Bati."
Akalishusha kandili, akalinusa ndani kwa makini.
"Hili halijaonja mafuta ya taa hata siku moja.
Mimi nimehitimu msahafu kwa kandili, mjukuu wangu,
pua nyeusi kila asubuhi.
Siku waya ulipofika kwetu
nililitupa mtaroni,
nikalisikia kioo kinavyopasuka,
nikacheka peke yangu."

Kiti cha kamba alikivumilia dakika mbili.
"Hivi vilituchora mapaja. Bibi yako alivichukia vibaya."
Mbona sikulijua hilo?
Katika picha hayumo.
Yeye ndiye aliyeshika kamera.

Redio tu hakuicheka.
Aliigeuza mgongo, akanyoosha mkono: "Bisibisi."
Nyumba nzima haina bisibisi.
Akatumia kisu cha siagi, na miwani yangu juu ya yake,
akapuliza vumbi, akaunga uzi wa shaba mwembamba kama unywele,
na baada ya robo saa, bila kutangaza,
chumba kikajaa mvumo wa mvua ya mbali.
Hakuna mtangazaji, hakuna stesheni.
Mvumo tu.
Akaizima. "Haya. Sasa ina haki ya kukaa hapa."

Akaenda kutawadha, hakurudi.
Tulimkuta chumba cha wageni, shuka iko sakafuni,
miguu juu, rimoti kifuani,
kochi linamkanda na kunguruma kama paka aliyeshiba,
naye amelala kinywa wazi, kofia upande.
Yaarub akanitazama.
Alikuwa na adabu ya kutotabasamu.

Usiku, tulipokwisha kumrudisha kwa shangazi,
tulilibeba, yeye kichwani, mimi miguuni,
tukalitua kati ya redio na kalenda,
kubwa, jeusi, halina haya.
Kandili limo kabatini na mifuko ya plastiki.
Nimenunua bisibisi.
Ukuta umebaki kijani,
na karibu na swichi, bila mtu kuombwa,
pameanza kuchafuka.